Mwizi ni M...

Mwalimu alikuwa amefundisha udereva miaka kumi na minne na hakuwahi kumgonga mtu. Alipenda kulitaja jambo hilo, na aliyelisikia mara ya kumi alipaswa kulisikia kana kwamba ni mara ya kwanza. Siri yake, alisema, ni kutotumia maneno mengi. Mwanafunzi akielekea kumpanda mwendesha baiskeli, humwambii, "Ndugu yangu, naona ingekuwa vyema ufikirie kupunguza mwendo." Unamwambia, "Breki." Asiposikia, unakanyaga mwenyewe, kwa sababu gari la mafunzo lina breki mbili: moja ya mwanafunzi, na nyingine chini ya mguu wa mwalimu.

Ulimi huo alirudi nao nyumbani kila jioni. Kula. Oga. Zima taa. Nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, binti yake wa miaka mitano, na mdogo wake wa kiume, ambaye watu wote walimwita Fundi. Fundi alikata lenzi na kutengeneza miwani katika kiduka chembamba nyuma ya soko, na mikono yake ilikuwa mitulivu kiasi kwamba angeweza kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchele huku akikuuliza habari za nyumbani. Shida yake ilikuwa mdomo. Alikuwa na kigugumizi.

Akiwa ametulia maneno yalitoka kama ya mtu yeyote. Akiharakishwa, neno lilimkwama. Herufi m ndiyo ilikuwa adui yake mkubwa: midomo ilifungana na ikakataa kufunguka, na macho yakamtoka kama ya mtu aliyemeza mfupa. Dada yake hakuwa na subira ya kungoja. Tangu wakiwa watoto alikuwa akimmalizia.

"Dada, naomba ch..."

"Chumvi hiyo hapo."

Mara nyingine alikuwa akitaka chai. Alipokea chumvi hivyo hivyo.

Na binti, jina lake la nyumbani lilikuwa Mwizi. La kwenye cheti cha kuzaliwa lilikuwepo, zuri, refu, la bibi mzaa baba, lakini lilikuwa limelala ndani ya faili kabatini. Mtoto alipoanza kutambaa aliiba funguo za gari. Alipoanza kusimama aliiba sukari. Siku moja alikutwa chini ya meza amevaa miwani saba za wateja, moja juu ya nyingine. "Wewe mwizi wewe," mama akasema, na jina likashika hapo hapo. Mtaa mzima ulilizoea. "Mwizi, njoo kula." "Mwizi, umepiga mswaki?" Mwalimu wake wa chekechea naye lilimponyoka siku moja mbele ya wazazi, akaomba radhi wiki nzima.

Fundi peke yake hakulipenda. Yeye alimwita mpwa wangu. Mwaka uliopita alijaribu kulisema. "Dada, hilo j... j..."

"Jina tamu, najua. Asante."

Mazungumzo yakaishia hapo.

Jumapili hiyo walikwenda ufukweni. Mji ulikuwa umemaliza kujenga njia mpya ya kutembea kando ya maji, na binti alikuwa ameiimba kwa wiki tatu mpaka mama yake akasalimu amri. Ilikuwa ndefu, kilomita mbili za vigae vyekundu, mabenchi ya saruji, miti michanga iliyofungwa kwenye vijiti kama wagonjwa waliovunjika miguu, na upande wa maji uzio wa vyuma uliofika kifuani. Wazee walikuwa wakinyoosha viungo. Vijana walikuwa wakikimbia na vitambaa vichwani. Chini, kwenye gati dogo, maboti ya kukodi, yale ya kukanyaga pedali, yaligongana taratibu, na mkodishaji wake, mwanamume mnene mwenye kofia, aliyavuta na kuyasukuma kwa upondo, ule mti mrefu wenye ncha ya chuma.

Mwalimu hakutazama mandhari. Alitazama hatari, kama kawaida yake. Katikati ya njia, lori la mafundi lilikuwa limegonga uzio na kuuvunja. Pengo la hatua mbili lilikuwa limezibwa kwa utepe wa plastiki tu, na chini yake mawe yenye utelezi, kisha maji yenye rangi ya chai ya rangi.

"Hapo mtoto anapita kama barua," alisema. "Mwizi, umeuona ule utepe?"

"Nimeuona."

"Ukiukaribia nakung'oa sikio."

"Lipi?"

"Utachagua mwenyewe."

Fundi akacheka. Alikuwa amevaa shati lake la kutokea na miwani aliyojitengenezea mwenyewe, na tangu watoke nyumbani alikuwa na jambo. Mwalimu aliliona likimpanda shingoni na kushuka. Walipofika kwenye benchi, likapanda tena.

"Dada, kuna kitu nataka kukuambia. Nimepata ch... ch..."

"Chupa ya maji iko kwenye mkoba. Kunywa, na ubaki nao, hivi viatu vinaniua."

Akamtupia mkoba, akaketi, akavua viatu. Mkoba ulikuwa mwekundu, wenye mnyororo wa rangi ya dhahabu. Fundi akauvaa begani, akatazama maji, na lile jambo likamshuka tena.

"Umekupendeza," dada mtu akasema. "Leo unapata mchumba."

"Nikipata, ma... mahari yake mkoba huu huu."

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika chache. Hatua ishirini mbele yao, binti alikuwa ameshika vyuma vya uzio kwa mikono miwili, akitazama bata na vifaranga wake sita wakiogelea kuelekea upande wa pengo. Alikuwa amekwisha kuwapa majina wote. Alitembea nao sambamba, wao majini, yeye juu, akiwahesabu kwa sauti.

Mwewe hakutoa sauti. Alishuka kama jiwe, maji yakaruka, akapanda na kifaranga mmoja akining'inia. Bata akapiga kelele. Mwewe wa pili akashuka, akakosa, akazunguka juu ya mawe ya pale kwenye pengo ambako vifaranga walikuwa wamekimbilia.

"Mwachie," binti akapiga ukelele. "Mwachie, mbaya wewe." Na akaanza kukimbia, si kurudi kwa mama yake, bali mbele, kuelekea kwenye utepe.

Mwalimu alisimama bila viatu. Hakufikiri. Kinywa chake kilifanya kile ambacho kilikuwa kimefanya kwa miaka kumi na minne: kilitoa neno moja.

"Mwizi!" Na tena, kwa sauti iliyozoea kushinda injini: "Mwizi! Mshikeni!"

Fundi alikuwa ameshaondoka. Alikuwa mwepesi tangu utoto, na alikimbia akiwa ameinama, ule mkoba mwekundu ukimpigapiga ubavuni, akipenya katikati ya wazee na watoto na vigari vya watoto. Basi ndivyo njia nzima ilivyomwona. Mbele, mwanamume anakimbia na mkoba wa mwanamke. Nyuma, mwanamke pekupeku anapiga kelele za mwizi. Mtoto wa miaka mitano hakuna aliyemwona.

Kijana wa shati la mistari alinyoosha mguu. Fundi akaruka hewani, akatua kwa kidevu. Vigae vilitoa sauti ambayo Mwalimu aliisikia akiwa mbali. Akamwona akianza kuinuka, akaona mikono ikimshika kola, na yeye alipofika pale alimpita. Alimpita kwa umbali wa mkono mmoja. Macho yake yalikuwa kwenye gauni la njano la binti lililokuwa linapita chini ya utepe, na akili yake ilimwambia kwamba mdogo wake atainuka, watu wanamsaidia kuinuka.

Alimkuta binti ameshuka jiwe la kwanza, mguu wa pili unatafuta la pili. Akaurukia mgongo wa gauni. Kitambaa kikachanika, kikashikilia. Wakaanguka wote wawili kwenye vigae, mama chini, mtoto juu, na kiwiko cha mama kikachubuka mpaka kwenye nyama nyeupe. Akampiga mtoto kofi la makalio. Akamkumbatia. Akampiga jingine.

Hapo ndipo alipoisikia ile sauti nyuma yake.

Mtu anayepigwa na watu wengi hatoi kelele nyingi kama unavyodhani. Ni mlio mzito, mkavu, usio na haraka, kama zulia linalokung'utwa uani. Kati ya mlio mmoja na mwingine walikuwa wanaongea, tena kwa sauti za kawaida, kama watu walio kazini.

"Mshike mkono huo."

"Nipishe kidogo."

"Jina lako nani? Unakaa wapi?"

Mwalimu akamnyanyua mtoto, akakimbia. Watu walikuwa thelathini au arobaini. Katikati ya miguu aliona shati la kutokea, halikuwa tena na rangi yake, na uso wa mdogo wake, na miwani imevunjika na kuzama kwenye nyusi. Mtu mmoja aliyevaa nguo za mazoezi, filimbi shingoni, alikuwa amemwinua kwa nywele.

"Sema. Unaitwa nani? Huu mkoba wa nani?"

Na Fundi alijibu. Alijaribu kujibu. Mwalimu aliona midomo ikifungana, macho yakitoka, mishipa ya shingo ikivimba. Kidole chake kimoja kilinyooka kuelekea majini, kuelekea kwenye pengo. "Mwi... Mwizi," alisema, na damu ikamtoka pamoja na neno. "Mwizi ni m... m... m..."

"Mimi," mtu mmoja akammalizia.

"Mmemsikia? Mwizi ni mimi, anasema."

"Amekiri mwenyewe."

Mpwa. Alikuwa anasema mpwa. Mwizi ni mpwa wangu. Miaka thelathini Mwalimu alikuwa akimmalizia mdogo wake maneno, na hii ndiyo mara ya kwanza alipatia.

Yule mwenye filimbi akamwachia nywele, kichwa kikagonga kigae, na duara likafunga.

Kwenye benchi la karibu alikaa mwanamke mjamzito, mikono mdomoni. Mwalimu akamwekea mtoto mapajani, juu ya lile tumbo. "Shika huyu. Usimwachie hata ukiona nimekufa." Mwanamke akamshika. Mwalimu akageuka, akaingia.

Aliingia kwa viwiko. Alimpiga teke mtu wa kwanza nyuma ya goti akakunjika, akamkanyaga, akapita. Wa pili alimshika sikio akalizungusha. Mbele ya duara kijana wa shati la mistari alimwona, na uso wake ukang'aa.

"Huyu hapa mwenye mali. Mpisheni mama." Akamwekea mkoba mikononi, kwa heshima, ameufuta damu kwa mkono wa shati. "Tumekupatia, mama. Angalia kama simu ipo."

"Ni ndugu yangu," Mwalimu akasema.

"Pole sana. Ndugu ndio wanaotuibia siku hizi."

Alimpiga nao. Mkoba ulikuwa na chupa ya maji ya chuma ndani yake, na ulimpata kati ya pua na jicho. Kijana akakaa chini kama mtoto, akashika uso, damu ikamtiririka kati ya vidole, akatazama huku na huku akiwa haelewi. Kila mtu alikuwa haelewi. Kwa sekunde moja Mwalimu alidhani hilo litatosha.

"Ni mwenzake," sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Wanaibaga wawili wawili."

Kitu kikampiga kisogoni. Mkono ukamshika nywele, mwingine ukavuta hereni, na ndewe ya sikio ikachanika kama karatasi. Alisikia joto likimshuka shingoni kabla ya maumivu. Akaukuta mkono wa mtu mdomoni mwake, akauma mpaka meno yakagusana na kitu kigumu. Aliyeumwa akalia. Mwalimu akateleza kwenye damu ya mdogo wake, na kwa kuwa alishaanguka, akaona afadhali aangukie mahali pa maana. Alimlalia. Alimfunika kichwa kwa kifua chake na mikono yake.

Alikuwa hai. Alipumua kwa mikwaruzo, kama gari lisilotaka kuwaka. Mkono wake wa kulia, mkono wa skrubu ndogo, ulikuwa nje, na Mwalimu aliona kiatu cheupe cha mazoezi kikishuka juu yake, kwa makusudi, kwa kisigino. Vidole vikalia kama njugu.

"Ndugu yangu," alikuwa akisema. "Ni ndugu yangu. Ni ndugu yangu." Lakini alikuwa analiambia kundi zima, na kundi zima halina masikio. Teke likamwingia mbavuni, pumzi ikakatika.

Akaona kivuli. Akainua macho. Juu yao alisimama mwanamume mnene mwenye kofia, miguu ameipanua, ameshika upondo kwa mikono miwili, ncha ya chuma juu, tayari kuushusha. Chuma kilikuwa na damu tayari. Na chini ya ile kofia, katika ule uso uliojaa jasho na haki, Mwalimu alimtambua mtu. Miaka miwili nyuma, gari la mafunzo nambari tatu, kila Jumanne. Mwanamume aliyekanyaga mafuta kila alipoambiwa akanyage breki. Mara tatu Mwalimu alikuwa amekataa kumpeleka kwenye mtihani.

Hapa hapakuwa na breki ya pili.

"Breki," akasema. Hakupiga kelele. Alisema kama anavyosema ndani ya gari.

Mguu wa kulia wa yule mwanamume ukakanyaga chini. Kofia ikamdondoka. Upondo ukabaki hewani.

"Mwalimu?"

"Shusha mkono. Taratibu. Weka chini." Akaweka chini. "Simama mbele yangu, wageuzie mgongo hao. Hivyo."

Akageuka akasimama. Alikuwa mpana, na upana wake ulikuwa na manufaa. Mwalimu akapiga magoti, mkono mmoja kifuani pa mdogo wake, na akaanza kazi anayoijua. Kundi halisikii, lakini mtu mmoja husikia. Alimnyooshea kidole yule mwenye filimbi. "Wewe wa filimbi. Kiatu chako kimekanyaga mkono wa mtu. Kitoe." Akakitoa. "Wewe mama wa kitenge cha bluu, dondosha hilo jiwe. Sio pale. Mbele yako, nilione." Jiwe likadondoka. "Wewe mwenye simu, unayepiga picha. Piga uso wangu. Umeupata? Sasa sikiliza. Mtoto wangu alikuwa anataka kuingia majini. Yule pale, wa gauni la njano. Kwetu tunamwita Mwizi. Nilikuwa namwita yeye. Huyu ni mjomba wake, alikuwa anakimbia kumwokoa. Mkoba nilimpa mimi."

Vichwa arobaini vikageuka kwenye benchi. Mtoto, ambaye alikuwa hajalia hata kidogo, aliona watu wote wanamtazama.

"Mjomba," akasema. "Mmempiga mjomba wangu."

Hakuna aliyesema samahani. Mtu mmoja akasema, "Sasa na wewe, mama, jina gani hilo?" Mwingine akasema kwamba yeye ndiyo kwanza amefika. Mwenye filimbi akaitazama saa yake. Waliondoka kama walivyokuja, mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka shughuli, na baada ya dakika moja pale kwenye vigae hapakuwa na mtu ila wale waliokuwa na damu, na mjamzito aliyekuwa amemshika mtoto kwa nguvu kiasi kwamba ilibidi afunguliwe vidole.

Gari la mafunzo lilikuwa limeegeshwa karibu, na herufi yake kubwa nyekundu juu ya paa. Mkodishaji wa maboti alimbeba Fundi peke yake, kama mtu anavyobeba mlango. Walipomlaza kiti cha nyuma, damu ikaanza kumrudia kooni, akakohoa, akabadilika rangi. Mwalimu akaingia naye, akamlaza ubavu, akamtia vidole mdomoni akatoa jino, kisha jingine. Kichwa hicho hakikuweza kuachwa bila mtu wa kukishika.

"Endesha," akasema, akamrushia funguo.

"Mwalimu, sina leseni."

"Najua. Mimi ndiye niliyekunyima. Mfunge mtoto mkanda."

Akiwa kiti cha nyuma hakuifikia breki yake. Ilikuwa kule mbele, na juu yake vilining'inia viatu vidogo vya mtoto. Yule mtu akawasha gari, likaruka mara moja, likaondoka. Kwenye mzunguko alisimama mwenyewe. Kwenye taa alisimama mwenyewe. Lori likawakatia njia, na mguu wa Mwalimu ukakanyaga sakafu tupu mpaka nyonga ikamuuma, lakini hakusema neno, kwa sababu neno lake alikuwa ameshaona linachofanya. Gari likapunguza mwendo. Likapita.

"Mama," binti akauliza bila kugeuka, "yule kifaranga mwewe alimwachia?"

"Hapana."

Mlangoni pa chumba cha dharura walimpokea Fundi kwa kitanda cha magurudumu na wakaenda naye. Mwalimu akabaki na kiwiko chake, sikio lake na fomu. Muuguzi, msichana mwenye mwandiko mzuri, aliuliza umri, akauliza anwani, akauliza kilichotokea.

"Amepigwa na watu."

"Aliiba nini?" Muuguzi aliuliza bila ubaya, kalamu juu ya mstari.

"Hakuiba."

"Basi walisema nini?"

"Walisema nilichosema mimi. Andika amepigwa."

Muuguzi akaandika. Kisha, kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri na mtoto alikuwa amesimama pale na gauni lililochanika mgongoni, akainama juu ya meza. "Na wewe, mrembo, unaitwa nani?"

"Mwizi," mtoto akasema.

Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Mwalimu akalitaja jina la kwenye cheti, refu, la bibi mzaa baba. Lilimtoka mdomoni kigeni, kama jina la mtoto wa jirani. Akalitaja tena, ili alizoee.

Nje, mkodishaji wa maboti alikuwa bado amekaa kwenye usukani, mikono miwili juu yake, mahali hasa alipofundishwa kuiweka. Alimwona Mwalimu akija, akaanza kuzungumza kabla hajafika.

"Nilimpiga mara mbili, Mwalimu. Kabla hujaja. Moja ya mguu, moja ya mgongo. Nilisikia tu mwizi, nikapanda na upondo. Sikuuliza. Nisamehe."

"Aliyepigwa kwa upondo si mimi."

"Basi mwambie yeye kwamba..."

"Simwambii. Simsemei mtu tena." Akafungua mlango wa gari. "Utaingia, utakaa kwenye kiti, utamwambia mwenyewe. Na utamngoja akujibu. Atachukua muda wake. Usimmalizie."

Jua lilikuwa linazama walipowaruhusu kumwona. Mbavu tatu, alisema daktari, meno mawili, nyonga imevimba lakini haikuvunjika, na mkono wa kulia: vidole viwili vimevunjika, kimoja vibaya. Kama angeweza kushika skrubu tena, hilo daktari hakutaka kulisema. Kichwani, kwa bahati, hakukuwa na kitu. Mwalimu aliuliza maswali manne, mafupi, akapata majibu manne.

Fundi alikuwa amefungwa bendeji nusu ya uso. Bila miwani alionekana mdogo, kama alivyokuwa akienda shule. Binti alipanda kwenye kiti, akamwekea mjomba wake kwenye shuka skrubu moja ndogo, aliyoitoa mfukoni mwa gauni. Hakuna aliyejua ameiiba lini.

"Dada," Fundi akasema. Sauti ilipita kwa shida kwenye midomo iliyovimba. "Kuna kitu nilitaka kukuambia. Nimepata ch..."

Ikakwama. Midomo ikatetemeka, shingo ikajaa, macho yakatoka. Maneno yakamjia Mwalimu yote kwa pamoja mpaka kwenye meno: chupa, chai, choo, chakula, chozi. Mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu ya hospitali, ukakanyaga kwa nguvu zote, ukabaki hapo. Mlangoni mkodishaji wa maboti alikuwa ameshika kofia yake. Kwenye kitanda cha pili mzee alikohoa, akamaliza kukohoa.

"...chumba," Fundi akasema. "Nimepata chumba. Changu. Ni... nilikilipia wiki iliyopita, kabla ya haya. Mwisho wa mwezi nahama."

Alikuwa na mengi ya kumjibu. Kwamba hawezi kuhama na mkono ule. Kwamba nani atampikia. Kwamba amefanya nini yeye dada mtu mpaka akimbiwe, na swali hilo alijua asiliulize, kwa sababu jibu lilikuwa limelala mbele yake limefungwa bendeji.

"Kiko wapi?" akauliza.

Fundi akafungua mdomo, midomo ikafungana tena. Lilikuwa neno linaloanza na m. Mwalimu akavuta kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani, akangoja.